Kupona kwa Mguu Si Kuisha kwa Maumivu

Mhadhara wa wazi kuhusu majeraha ya muundi, kifundo na unyayo, Ruhuwiko, Songea

 

Nimeombwa nizungumzie fiziotherapia ya majeraha ya mguu kuanzia chini ya goti: muundi, kigimbi, kifundo, kisigino na unyayo. Nitayagusa yote, lakini nitakaa zaidi kwenye kifundo, kile ambacho wachezaji wetu wanakiita enka, kwa sababu ndicho kinachoteguka kila mara na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Hoja yangu ni moja. Mguu ulioteguka haujapona kwa kuwa tu umeacha kuuma. Maumivu huondoka mapema, mara nyingi ndani ya wiki mbili tatu. Nguvu ya mguu, na uwezo wake wa kujizuia usipinde, hurudi baadaye, na kwa watu wengi haurudi kikamilifu mpaka urudishwe kwa mazoezi. Kati ya siku maumivu yanapoisha na siku mguu unapopona kweli, hapo ndipo vijana wetu wanapoumia mara ya pili na ya tatu, na mwisho wanapewa jina la mtu mwenye mguu mbovu.

Ruhuwiko ni mahali pa kusema hayo. Watu wa hapa wanaishi kwa miguu yao. Kuna jeshi, na jeshi ni kwata, mbio za alfajiri na buti. Kuna Sekondari ya Ruhuwiko, shule ya JWTZ, yenye mamia ya vijana ambao mifupa yao bado inakua. Kuna mashamba ya mahindi ambayo mtu huyafikia kwa kupanda na kushuka akiwa amevaa kandambili au makatambuga, na zikishika mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, njia ya udongo mwekundu huwa utelezi mtupu. Kuna bodaboda katika kila njia panda. Na kuna mpira. Songea ni mji wa Majimaji, Wanalizombe, mabingwa wa Muungano wa mwaka 1998, na hakuna kiwanja kitupu kitakachokosa watoto wa chandimu ifikapo saa kumi na moja jioni.

Tuanze kwa kushika. Kila mmoja ainame ashike kifundo cha mguu wake wa kulia. Upande wa nje kuna mfupa uliotokeza. Hiyo ni ncha ya chini ya mfupa mwembamba wa muundi. Upande wa ndani kuna mwingine, na huo ni mwisho wa mfupa mnene. Linganisheni. Wa nje umeshuka chini kuliko wa ndani. Ndiyo maana mguu ni mzito kupinda kuelekea nje, kwa sababu mfupa unauzuia, lakini ni mwepesi kupinda kuelekea ndani. Sasa sogezeni kidole mbele kidogo ya mfupa wa nje, kwenye kibonde laini. Chini ya kidole chenu kuna ligamenti fupi, ya kama sentimita 2, inayoufunga mfupa mwembamba na mfupa ulio katikati ya kifundo. Hiyo ndiyo inayochanika kwanza mguu unapopinda. Chini yake kuna nyingine inayoshuka hadi kwenye kisigino. Hiyo huchanika pigo likiwa kubwa zaidi.

Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26, na ligamenti ndizo zinazoishikilia isiachane. Lakini zina kazi nyingine ambayo watu hawaijui. Ndani yake mna ncha za neva zinazoupelekea ubongo habari: mguu umekaaje, umeinama kiasi gani, jiwe liko upande gani. Ubongo ukipata habari hizo huiamuru misuli ya upande wa nje wa muundi iuvute mguu urudi sawa, kabla wewe mwenyewe hujajua kwamba ulitaka kuteguka. Ligamenti ikichanika, habari huchelewa. Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa London, Freeman, na wenzake waliandika jambo hili waziwazi: wagonjwa wengi waliolalamika kwamba mguu unawasaliti hawakuwa na kifundo kilicholegea, walikuwa wamepoteza uwezo wa kusimama imara kwa mguu mmoja. Akawapa ubao unaoyumba wasimame juu yake. Mpaka leo, karibu kila tunachowafanyisha wagonjwa wa enka kinatoka kwenye wazo hilo.

Sasa twende uwanjani. Kijana ameruka kupiga kichwa, ametua juu ya mguu wa mwenzake. Unyayo umegeukia ndani. Ameshika enka anagaagaa. Wanakuja watu. Mmoja anamshika vidole vya mguu anavuta kwa nguvu, kwa imani kwamba mfupa umetoka mahali pake na sharti urudishwe. Mwingine anamwagia maji. Wa tatu anamwambia ainuke atembee ili mguu usigande. Akifika nyumbani, bibi anachemsha maji, anatia chumvi, anakanda kwa nguvu mpaka mtoto analia, kisha anapaka dawa ya kuchua. Asubuhi mguu umevimba mara mbili ya jana.

Wote hao wana upendo, na mimi sitawacheka. Lakini nasema kwa uhakika: kuvuta mguu uliotoka kuteguka ni makosa, na kuukanda kwa maji ya moto siku hiyo hiyo ni makosa. Katika kuteguka kwa kawaida hakuna mfupa uliotoka. Kuna ligamenti iliyochanika na mishipa midogo ya damu iliyopasuka. Ukivuta, unaongeza mchaniko. Ukikanda na kuweka joto, unaongeza damu inayovuja. Na ikiwa kumbe mfupa umevunjika, kuvuta huko kunaweza kuugeuza mvunjiko mdogo kuwa mkubwa. Joto lina wakati wake, baada ya siku tatu nne, uvimbe ukishaanza kupungua na mguu umebaki mgumu. Bibi hakukosea dawa, alikosea siku.

Swali la kwanza pembeni mwa uwanja ni je, umevunjika au umeteguka tu. Kuna njia ya kulijibu bila mashine. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walitoa kanuni ambayo leo inatumika duniani kote. Kwanza, mwambie aliyeumia apige hatua nne, hata kwa kuchechemea. Akishindwa kabisa, apigwe picha. Akiweza, bonyeza sehemu nne kwa kidole kimoja: ukingo wa nyuma wa mfupa wa nje wa kifundo, kuanzia ncha yake kupanda sentimita 6, ukingo wa nyuma wa mfupa wa ndani, vivyo hivyo, kisha, upande wa nje wa unyayo, kale kamfupa kalikotokeza katikati ya kisigino na kidole kidogo, na mwisho mfupa wa juu ya upinde wa ndani, mbele ya kifundo. Mfupa wenyewe ukiuma unapobonyezwa mojawapo ya sehemu hizo, apelekwe kwenye picha. Kama hauumi na anatembea, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kati ya watu 100 wanaofika hospitali na enka iliyoteguka, waliovunjika huwa chini ya 15. Maana yake ni kwamba wengi hawahitaji picha, ila wale wachache wanaoihitaji wasikose. Mtoto mdogo, mtu aliyelewa, na mtu ambaye miguu yake ina ganzi wasipimwe kwa kanuni hii. Hao wapelekwe tu. Na mguu ukionekana kwa macho umekaa upande, usibonyeze chochote. Ufunge kama ulivyo, mtu asafirishwe.

Akishajulikana kwamba ameteguka, siku moja mbili za kwanza ni za kuulinda mguu. Auinue juu ya mto akiwa amelala. Afungwe bendeji ya kuvutika, kuanzia karibu na vidole kupanda juu, imkaze bila kumtia ganzi. Baridi husaidia maumivu: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, au maji tu, kwa maana Juni na Julai maji ya bomba ya Songea ni baridi ya kutosha. Lakini barafu isigeuzwe kuwa tiba yenyewe. Daktari wa Marekani Gabe Mirkin, ambaye mwaka 1978 ndiye aliyeieneza kanuni ya mapumziko, barafu, bendeji na kuinua mguu, mwaka 2014 aliandika mwenyewe kwamba barafu nyingi na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya mwili kujitengeneza. Tunaupunguza ili mtu apate nafuu, hatupigani nao kama adui.

Kuanzia siku ya pili au ya tatu, mguu uanze kazi. Akae kitini, auning'inize, aandike herufi hewani kwa kidole gumba, kuanzia a mpaka z, mara kadhaa kwa siku. Atembee, kwa gongo akihitaji, lakini atembee vizuri: kisigino kwanza, kisha unyayo, kisha vidole. Anayetembea kwa kuburuza mguu wiki tatu hujifunza kuburuza, na kumfundisha upya ni kazi.

Uvimbe ukipungua, nguvu ijengwe. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate, funga ncha moja kwenye tendegu la kitanda, nyingine izungushe kwenye unyayo. Vuta mguu kuelekea nje polepole, urudishe polepole zaidi. Mara 15, pumzika, rudia mara tatu. Hiyo inajenga misuli ile ya upande wa nje niliyoitaja. Kisha simama ukishika ukuta, inua visigino vyote viwili, shuka. Ukiweza bila maumivu, inua kwa mguu mmoja. Kijana mwenye afya anapaswa kuinua kisigino kimoja mara 20 na zaidi. Ukimwambia kijana aliyeteguka mwezi uliopita, anayejiona mzima, afanye hivyo, utamwona anakwama kwenye ya saba au ya nane na kuangalia huku na huku kwa mshangao.

Halafu usawa. Simama kwa mguu ulioumia, sekunde 30. Ukiweza, fumba macho. Hapo ndipo ukweli unapoonekana, maana macho yalikuwa yakifanya kazi ambayo kifundo kimeshindwa. Ukiweza kwa macho yaliyofumbwa, simama juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Kisha mwenzako akurushie mpira uudake bila kuweka mguu wa pili chini. Kisha ruka, tua, tulia. Kisha kimbia ukikata kona.

Watu huniuliza kama mazoezi mepesi namna hii yanaweza kushinda mashine za mijini. Nawajibu kwa utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2009. Maarten Hupperets na wenzake walichukua wanamichezo 522 waliokuwa wametoka kuteguka enka. Wote walipata matibabu waliyozoea. Nusu yao wakaongezewa mazoezi ya usawa ya kufanya wenyewe nyumbani, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8, bila mtaalamu kusimama juu yao. Katika mwaka uliofuata, wasiofanya mazoezi waliteguka tena 33 kati ya 100. Waliofanya, 22 kati ya 100. Tafakarini hilo. Kilichowatofautisha ni mazoezi ya nyumbani, na mazoezi ya nyumbani yanawezekana Ruhuwiko kama yanavyowezekana Amsterdam.

Nakuja kwa ndugu zangu wa bodaboda. Kwenu majeraha si ya kuteguka tu. Pikipiki ikianguka, mguu hubanwa kati ya chuma na barabara, na mfupa unaovunjika sana ni muundi, kwa sababu mbele yake hakuna nyama ya kuukinga. Mtu hupasuliwa akawekewa chuma au hufungwa hogo. Muundi wa mtu mzima huchukua miezi mitatu minne kuunga, wakati mwingine zaidi. Hogo linaushika mfupa, na huo ndio wajibu wake, lakini ndani yake kigimbi kinanyauka siku hata siku na kifundo kinakauka. Kwa hiyo mazoezi tiba huanza hogo likiwa bado lipo. Chezesha vidole kila saa. Kaza misuli ya paja, hesabu mpaka tano, legeza. Inua mguu mzima kutoka kitandani. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikiwa baridi, vyeupe au vya bluu, au ukisikia ganzi, usingoje asubuhi: rudi hospitali saa hiyo hiyo, maana mguu unaweza kufa ndani ya saa chache. Na hogo likitolewa, mgonjwa anapoona mguu mwembamba usiopinda, asidhani ametupwa. Ndiyo kwanza anaanza. Uvimbe wa jioni kwa miezi kadhaa ni wa kawaida. Uvimbe wa kigimbi kimoja chenye joto na kuuma ghafla si wa kawaida. Huo unaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na ni wa kukimbilia hospitali bila kukichua.

Hapa niseme juu ya mafundi wa mifupa wa jadi. Wapo wenye mikono ya hekima, na watu huwafuata kwa sababu wako karibu na huwasikiliza. Lakini kufunga mguu kwa vibanzi vya mianzi mpaka damu isipite kumewakata miguu watu ambao mvunjiko wao ulikuwa wa kupona. Fundi anayempenda mgonjwa wake aangalie vidole: vikibadilika rangi, afungue.

Kwa wanajeshi, na kwa vijana wanaokwenda JKT kwa mujibu wa sheria katika makambi kama Mlale, jeraha la kulijua ni maumivu ya muundi. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt alieleza juu ya askari waliovimba miguu baada ya kwata ndefu, bila kuanguka wala kupigwa. Alikosa jibu kwa sababu picha ya eksirei ilikuwa bado. Röntgen aliigundua mwaka 1895, na miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba mifupa ya unyayo wao ilikuwa na nyufa. Mfupa ni kitu hai. Ukiuzidishia kazi kidogo kidogo, unajiimarisha. Ukiuzidishia ghafla, unapasuka kidogo kabla haujapata muda wa kujijenga. Kijana aliyetoka kidato cha sita bila kukimbia hata kilomita moja, akafika kambini akakimbia kila alfajiri juu ya ardhi ngumu ya kiangazi, ndiye anayeumia.

Namna ya kutofautisha ni hii. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa muundi. Maumivu yakisambaa eneo refu, la sentimita 5 na zaidi, na yakipungua mwili ukipata moto, huenda ni misuli na utando wa mfupa vilivyochoka: punguza mbio, jenga kigimbi, ongeza polepole. Maumivu yakiwa mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, yakazidi kadiri unavyokimbia, yakaendelea hata usiku umelala, shuku ufa. Ufa unataka kupumzishwa wiki kadhaa, na picha ya mwanzoni mara nyingi haiuonyeshi. Afande anayemwambia kijana wa namna hiyo ajikaze anapoteza askari kwa miezi badala ya wiki.

Kisigino nitakipitia kwa haraka, ingawa kinawatesa wengi humu, hasa akina mama wanaosimama sokoni kutwa nzima. Ukiamka asubuhi hatua za kwanza zikachoma chini ya kisigino kama umekanyaga mwiba, kisha zikalegea, huo ni utando wa unyayo. Kabla hujashuka kitandani, kunja khanga, ipitishe chini ya vidole, ivute kuelekea kwako ukihesabu mpaka 30, mara tatu. Mchana, kunja kitambaa, kiweke chini ya vidole vya mguu, simama ukingoni mwa ngazi, inua kisigino kwa sekunde tatu, tulia kidogo, shuka kwa sekunde tatu. Fanya hivyo siku moja, inayofuata pumzika. Utafiti wa Denmark ulioongozwa na Michael Rathleff mwaka 2014 ulionyesha kwamba baada ya miezi mitatu waliofanya hivyo walikuwa na nafuu zaidi kuliko waliojinyoosha tu. Na kandambili zilizolika, tupeni.

Nyuma ya kisigino kuna kano kubwa kuliko zote mwilini, ile ya Achilles. Ikiuma polepole kwa wiki nyingi, dawa yake ni kazi. Mwaka 1998 daktari wa Uswidi Håkan Alfredson aliwapa wakimbiaji 15 zoezi moja: kusimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole chini ya usawa wa ngazi, mara 15, mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka na mitatu likiwa limepinda, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Walikuwa wameambiwa waendelee hata kukiwa na maumivu ya wastani, na wengi wao walikuwa wanangojea kupasuliwa. Lakini kama kano hiyo imekatika ni habari nyingine. Mzee wa timu ya maveterani anakimbia, anasikia kishindo, anageuka kuangalia nani amempiga teke. Nyuma hakuna mtu. Mlaze kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, minya kigimbi. Kano ikiwa nzima, unyayo unasogea. Ikiwa imekatika, unyayo unabaki umetulia. Huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu wiki zikipita ncha mbili za kano huachana na kuziunganisha huwa kazi kubwa.

Na mwenye kisukari, asikie hili kwa makini. Mguu wako ukivimba na kuwa na joto bila maumivu makubwa, usikubali kuambiwa umeteguka. Neva zikishakufa, mifupa ya unyayo inaweza kuvunjika na kusagika mtu akitembea juu yake bila kusikia. Usifanye zoezi lolote katika haya niliyoyataja mpaka uonwe na daktari.

Niseme neno juu ya uvumilivu, maana ndio unaotuumiza. Sote tunamjua John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, alianguka katika mbio za marathoni akaumia goti, akafungwa bendeji, akamaliza wa mwisho, wa 57, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Naliheshimu tendo lile kwa moyo wote. Ilikuwa Olimpiki, na aliamua akiwa mtu mzima, kwa niaba ya nchi yake. Lakini tumelichukua tendo lile tukalifanya sheria kwa kila mtoto wa kidato cha pili anayecheza mechi ya Jumamosi. Kumpa mtoto vidonge vya maumivu ili amalize kipindi cha pili, au kumchoma sindano ya ganzi kwenye enka ili acheze fainali, ni kumdhulumu. Maumivu ndiyo sauti pekee iliyobaki kwa ligamenti iliyochanika, nasi tunainyamazisha kwa ajili ya jezi na mbuzi.

Msaada upo. Mkifika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Songea mjini, au mkienda Peramiho, msitoke na picha na vidonge tu. Ulizeni fiziotherapia. Hiyo ni taaluma kamili. KCMC kule Moshi imefundisha wataalamu wake kwa miaka mingi, na MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, inao wataalamu hao. Mtaalamu wa fiziotherapia si mtu wa kukuchua. Ni mtu wa kukupima, kukufundisha na kukudai umefanya nini nyumbani. Nauli ikiwa ngumu, nendeni hata mara moja, mfundishwe, mfanye nyumbani, mrudi baada ya wiki nne.

Ombi langu la mwisho nalipeleka kwa wakuu wa shule na makocha wa Ruhuwiko, maana ninyi mna vijana wengi kuliko hospitali yoyote. Toeni dakika 10 katika kila mazoezi: kusimama kwa mguu mmoja, kuinua visigino, kuruka na kutua kwa utulivu. Wafanye wote, waliowahi kuumia na ambao bado. Na wewe kocha, kabla hujaandika jina la kijana aliyeteguka kwenye orodha ya Jumamosi, usimwulize kama anasikia maumivu, kwa sababu atakuambia hasikii. Mwambie avue kiatu, asimame kwa mguu ulioumia na afumbe macho, kisha ainue kisigino mara 20. Akishindwa, mwache benchi, na Jumatatu umwanzishe mazoezi.